Saa Nane na Dakika Tano

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili na wa sauti, maana sauti yako ikiwa nzima nyumba yote hunyooka. Goti linasemaje? Na shemeji, kikohozi chake kimemwachia au bado kinamwamsha? Sisi huku hatujambo. Wifi yako yupo, ila tuna maneno kidogo kuhusu sweta lake, nitakueleza mbele. Mimi mwenyewe ni mzima, na lazima niwe mzima, kwa sababu nikipiga chafya hapa chuoni watu mia nne wanasimamisha kazi. Usicheke. Tangu nikabidhiwe chumba cha seva, mawingu yakitanda tu Mkuu wa chuo anauliza kwanza mimi niko wapi, ndipo anauliza mwavuli.

Nakuandikia kwa mkono, sikupigii simu, kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu za siku hizi zina masikio. Ya pili nitaitaja mwishoni nikipata ujasiri.

Najua mwanao amefika kwako tangu Jumatano. Sijui amekuambia nini. Ninavyomjua, amesema amepewa likizo, kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Dada, si likizo. Amesimamishwa kazi. Miezi yake mitatu ya majaribio ilikuwa imebaki wiki mbili ikamilike, na aliyemsimamisha ni Mkuu, na aliyempelekea Mkuu habari ni mimi, mjomba wake. Sasa kaa vizuri unisome mpaka mwisho, usiirushe karatasi.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu. Chumba cha seva ni kidogo, kama stoo yako ya mkaa, lakini ndani yake kuna masanduku matatu meusi yaliyobeba majina ya wanafunzi wote, alama zao na mitihani ambayo bado haijafanywa. Kuna kiyoyozi kinachonguruma mchana kutwa, na kuna taa moja ya rangi ya chungwa ambayo hunikonyeza mimi tu. Wengine wakiingia inatulia. Mwaka ule kebo ilipokatika siku ya kutangaza matokeo, nilizishika ncha zote mbili kwa mikono hii, na matokeo yakapita mwilini mwangu saa nzima. Mpaka leo nikishika kijiko najua nani alifeli hesabu. Mafundi wa vyuo vingine wanakuja kunisalimia, na wanaushika mkono wangu kwa heshima, kama kitu cha makumbusho.

Mwanao alipokuja nilimwombea kazi. Sikusema maneno mengi, nilikohoa tu mlangoni kwa Mkuu naye akaelewa. (Na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kwenye usaili, hilo nalo lilisaidia kidogo.) Nikampa kiti karibu na changu. Ana maneno machache kama telegramu, lakini vidole vyake, dada, vinaiendesha ile kibodi kama mvua juu ya bati. Mwezi wake wa pili akaja na jambo jipya. Akasema, Mjomba, mitihani imo humu na hatujui nani anaingia na nani anatoka, tuweke orodha. Mashine itaandika kila anayeingia, na kila jioni itajichapa yenyewe. Nikamwambia vema, lakini mimi nimechoka na Kiingereza cha mashine. Nataka orodha ya Kiswahili, nisione herufi ya kigeni hata moja. Akajaribu kusema kwamba kuna herufi fulani pembeni mwa saa zina kazi yake. Nikamwambia, ziondoe. Akaziondoa.

Orodha ya kwanza ikatoka safi kabisa: Nani, Saa, Amefanya nini. Nikavaa miwani. Jina langu lilikuwapo mara mbili. Kwenye 2:40, sawa, nikajua huyo ni mimi, asubuhi baada ya chai. Lakini lilikuwapo tena kwenye 8:05. Saa nane na dakika tano! Saa hiyo mimi huwa kantini tangu saa saba na nusu, kila mtu ananiona, nakaa meza ya dirishani. Nani basi aliingia kwenye seva kwa jina langu na neno langu la siri, wiki tatu kabla ya mitihani?

Sikumwambia mtu. Nilikaa na orodha zile siku tano, nikazisoma kama barua za mahakamani, na kila nilipozisoma watu wakazidi kuchafuka. Karani wa mapokezi, tunayemwita Redio kwa sababu habari haipoi mdomoni mwake, alikuwa ameingia saa kumi na dakika hamsini. Mimi kwa macho yangu namwona Redio akiondoka saa kumi kamili, begi begani, hata kwaheri anaisema akiwa ameshavuka geti. Nikabaki siku moja baada ya kazi nimejibanza nyuma ya mlango wa mapokezi mpaka saa kumi na moja na robo. Hakuja mtu. Kesho yake nikaisoma orodha ya siku ile: Redio, 10:50, kama kawaida. Hapo nikajua nashindana na watu wasiotumia miguu.

Nikaanza kuwachunguza wote. Redio akinisalimia kwa furaha najiuliza ana furaha ya nini. Fundi wa kiyoyozi alikuja kubadilisha chujio, nikamhesabia bisibisi alipoingia na alipotoka. Hata Mkuu, nisamehe, niliona jina lake kwenye saa tisa alasiri, siku ambayo saa tisa tulikuwa naye kikaoni amesinzia mbele yangu. Nikasema chuo chote kimeoza, nimebaki mimi.

Ndipo nikaamua kumvizia mwizi wangu mwenyewe. Saa saba na nusu nikaaga kwamba nakwenda kula, nikazunguka, nikajifungia ndani ya chumba cha seva nyuma ya yale masanduku. Kile kiyoyozi si mchezo, ndiyo maana nilikuwa nimevaa sweta la wifi yako, lile la maua, na ndiyo maana sasa lina grisi mgongoni. Kupitia kitundu cha mlango nikaona ofisi yote imebaki tupu isipokuwa mtu mmoja. Mwanao. Amefungua chakula chake, anakula polepole, anasoma kitabu. Saa nane ikafika. Saa nane na dakika tano ikafika. Hakugusa kibodi. Akafuta mikono, akafungua ukurasa mwingine. Nikatoka pale meno yanagongana, nikasubiri orodha ya jioni. Jina langu, 8:05.

Mtu mwenye akili ndogo angesema basi si yeye. Mimi nikasema ni yeye, na amezidi: ameifundisha mashine kuiba yenyewe wakati yeye anatafuna. Nani mwingine ana vidole vile? Nani aliyeileta orodha, kama si ili ajue inavyokwepwa? Na nani, hebu fikiri, analijua neno langu la siri kuliko mimi mwenyewe?

Jumanne nikampelekea Mkuu karatasi zote. Akamwita mwanao. Nilikuwepo. Mkuu akamuuliza kwa upole kama amewahi kutumia neno la siri la mjomba wake. Mwanao akaziangalia zile karatasi, akaangalia safu ya saa. Kisha akaniangalia mimi, akaniuliza, Mjomba, hii 8:05 umeisoma kuwa ni saa ngapi? Nikapandisha sauti. Nikamwambia saa nane ni saa nane, asituletee hesabu za mjini. Akafungua mdomo, akaufunga. Mkuu akamuuliza tena, umelitumia au hukulitumia. Akasema, ndiyo, nimelitumia. Akaulizwa kwa nini. Akatazama viatu vyake. Mkuu akamwandikia barua ya kusimamishwa kazi, na mimi nikampeleka kituoni kesho yake asubuhi bila kuongea naye neno. Aliposhuka garini aliniambia nisisahau dawa zangu za presha, ziko droo ya kushoto.

Jumatano orodha ikatoka, jina langu halimo. Alhamisi halimo. Nikaenda kwa Mkuu kifua mbele, nikamwambia ameona, mwizi ameondoka na wizi umeondoka. Mkuu akaniambia nikamletee na daftari la getini, tulinganishe, faili likamilike.

Yule mlinzi wa getini ni mtu wa dharau za chini chini. Ananiita Mzee wa Mitambo, lakini anavyolitamka unajua ametabasamu ndani. Nikamwonyesha orodha ili aelewe uzito wa jambo. Akaisoma, akasema, Mzee wa Mitambo, kumbe Redio huwa anaruka ukuta kurudi kazini jioni? Na wewe humu ofisini unaingia saa nane mchana, basi yule ninayemfungulia mimi saa mbili asubuhi akiwa na mpwa wake ni nani, pacha wako? Nikamwambia aache utani. Akatoa simu yake mfukoni, akaniwekea kioo mbele ya macho. Kilikuwa kimeandika 9:15. Akaniuliza, hapo ni saa ngapi? Nikamjibu bila kufikiri, saa tatu na robo.

Akaendelea kunishikia simu.

Dada, sijui kama unaelewa. Mashine haijui Kiswahili. Tumeitafsiria maneno, saa zake zimebaki zile zile za kwao. Ile 8:05 ni saa mbili na dakika tano asubuhi. Redio na 10:50 yake yuko kazini kwake asubuhi, saa tano kasoro. Mkuu na saa tisa yake ni saa tatu. Ile 2:40 ndiyo ya mchana, nikitoka kula. Kwenye simu naisoma vizuri kila siku, hata mtoto anaisoma, lakini nilipoona limeandikwa neno Saa kwa Kiswahili, nikaisoma kwa Kiswahili. Na zile herufi za pembeni ambazo zingeniambia hii ni asubuhi na hii ni mchana, ni mimi niliyeamuru ziondolewe.

Ijumaa nilikwenda kwa Mkuu nikamweleza. Nilitaka kusema ni hitilafu ya majira ndani ya mtambo, nilikuwa nimeshalipanga hivyo, lakini aliniangalia nikasema lilivyo. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akaichana barua, akaandika nyingine ya kumrudisha mwanao, nimeiweka humu ndani ya bahasha, na bahasha naipa kondakta wa basi la kwenu ikufikie kesho. Mpe mkononi. Kisha akaniuliza swali moja dogo: kama ni hivyo, kila siku saa mbili na dakika tano, aliyeingia kwa jina lako ni nani? Nikamjibu, mimi. Akasema vizuri, basi Jumatatu nifungue seva mbele ya walimu, wachukue mitihani.

Nisalimie shemeji na wote hapo. Mwambie jirani yako mwenye mdomo kwamba mwanao alikuwa likizo. Goti lisuguliwe kwa maji ya moto, usingoje lizidi. Wifi yako anakusalimu, na anasema ukija uje na sweta.

Nilikuwa nimekwisha kuikunja karatasi, nikaikunjua. Ile sababu ya pili ya kutopiga simu ni kwamba jambo hili lisingenitoka mdomoni. Mwanao hakumdanganya Mkuu. Amelitumia neno langu, kila siku, asubuhi na baada ya chakula, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake na kikombe cha chai, najifanya nawaza. Jina langu halikuonekana Jumatano na Alhamisi kwa sababu hakukuwa na wa kuliingiza. Na siku ile, kama angesema tu ni saa mbili na mjomba alikuwepo, angebaki na kazi yake, ila Mkuu angeuliza kwa nini mjomba haingii mwenyewe. Hilo ndilo lililomfunga mdomo. Amekutoa wewe yule, ulivyokuwa ukiniandikia kazi za shule halafu unamwambia baba nimeandika mimi.

Jumatatu nitamwambia Mkuu haya mimi mwenyewe. Mwambie awahi gari la kwanza. Safari hii nitakaa mimi kwenye kiti, yeye asimame nyuma yangu na kikombe, anitajie polepole. Lile neno la siri lina herufi sita tu, dada. Ni jina lako. Nasahau kila mara nililiandika kwa herufi kubwa au ndogo.

Mdogo wako,
Mzee wa Mitambo