Wateja wa Mama

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na mtoto ameota jino la pili.

Mama alianza kuuza mtandaoni nguo za vichanga, anazoshona mtoto akilala. Hana simu, hivyo ukurasa aliufungua kwa simu ya Baba. Jumatatu wateja sita waliulizia vikofia. Baba akawajibu wote: "Hapa ni kwa mtu, si sokoni." Kisha akaufuta ukurasa.

Mama alisema tu, "Haya, baba watoto, umeshinda." Cherehani ameifunika shuka.

Tafadhali usimgombeze kaka yako, maana hasira zake zitaishia kwa Mama. Tutumie ile simu yako ya zamani, na akikuuliza, mwambie ni ya masomo yangu. Sijawahi kumdanganya Baba, lakini hili nitaliweza.

Ni mimi,
binti wa kaka yako