Mama, Nyumba Nimempa Chebet

Mama,

Sijui huko uliko habari zinafika kwa njia gani, kwa hivyo nakuandikia kana kwamba hujui lolote. Nina jambo utakalolikasirikia. Na wewe ukikasirika hupazi sauti, unafagia. Basi shika ufagio wako kabisa.

Kampuni imenihamisha. Siko tena kiwandani Merigi. Niko Mombasa, kwenye ghala ambako chai hungojea mnada kabla ya kupanda meli. Kaburi lako lilikuwa halijaota nyasi meneja aliponiita. Akasema mashine mpya ya kuchekecha inakuja, watu watapunguzwa, na mimi nina bahati maana Mombasa wanataka mtu anayeijua chai kwa mkono. Anayekataa transfa, akasema, asije kulia baadaye. Nikakubali. Ningefanya nini? Shamba letu la majani unalijua, tukigawana sisi ndugu kila mtu anamaliza kuchuma fungu lake kabla ya chai ya saa nne.

Huku ni joto, Mama. Hata maji ya kunywa yana joto. Watu si wabaya, wanasalimu vizuri kutushinda, lakini nikijibu wanatabasamu, kwa sababu kwao mimi naongea Kiswahili cha mtu anayefukuza ng'ombe. Siku hizi nasema kidogo. Nikitoka kazini narudi kwenye chumba cha kupanga, napika ugali, nakula nikitazama ukuta. Jumapili nakaa nyuma kanisani na hakuna anayejua jina langu. Maziwa ni ya pakiti. Mursik, yale maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, naiota tu. Nasikia upweke, Mama, nauandika hivyo hivyo bila kuuzungusha. Kuna siku lori linafika na magunia kutoka kwetu, na nikisimama karibu nasikia harufu ya kiwanda asubuhi ya mvua. Nasimama pale mpaka wenzangu wananiuliza kama naumwa.

Na kabla hujauliza: hapana, sijaoa. Usianze.

Sasa lile jambo. Mimi ndiye kitinda mimba, na kwetu nyumba ya mama ni ya kitinda mimba, hakuna anayebishia hilo. Lakini nilikuwa naondoka, na nyumba isiyowashwa moto haikai. Kaka Joeli, kama mkubwa wetu, alisema tuitie kufuli, aweke mahindi yake ndani, nikistaafu nirudi niikute. Wiki hiyo hiyo dada Chebet akatokea kwa mume wake, huko Chepilat, na watoto wake wawili na mfuko mmoja, jicho limevimba. Mara ya tatu, Mama. Mara mbili za kwanza ulimpa chai, ukamkanda uso kwa maji moto, na asubuhi ukamsindikiza mpaka barabarani. "Mwanamke ana nyumba moja," ulimwambia, "na ni ile ya mume wake." Nilikuwepo. Nilikusikia pia ukilia jikoni alipokwisha kupotea kwenye kona, ukanidanganya ni moshi.

Safari hii hukuwepo wa kumrudisha, na Joeli akataka kushika nafasi yako. Ati msichana akirudi nyumbani na watoto, kesho hao watoto watadai shamba, na ni wa ukoo mwingine. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mimi huwa sifungui mdomo mbele ya wazee, unanijua. Siku hiyo nilisimama. Niliwauliza nyumba ni ya nani. Wakasema ni yangu. Nikasema kama ni yangu, basi Chebet aingie leo na watoto wake, iwe yake, na asiwepo mtu wa kumtoa, hata mimi mwenyewe. Joeli naye akasimama. "Ukitoa nyumba ya mama," akasema, "ujue wewe huna kwenu." Hatujaongea tangu siku hiyo.

Umekasirika? Haya, fagia. Nakupenda na nakuheshimu, lakini juu ya Chebet ulikosea, Mama. Na nadhani ulijua.

Krismasi nilipata likizo nikaenda. Nilifika mchana, mvua ya kwetu ikinyesha vile inavyonyesha. Moshi ulikuwa unapenya paani. Chebet amehamisha kitanda upande wa pili, kuta amezipaka udongo mpya, na watoto wamechora ng'ombe kwa makaa pale ulipokuwa ukitundika kalenda ya kanisa. Nilisukuma mlango kama nilivyousukuma maisha yangu yote, na yule mdogo akashtuka, akakimbilia nyuma ya mama yake. Chebet alicheka, akanivutia kiti, akachemsha chai. Akaniletea kwenye kile kikombe cha maua, kile ambacho hakuna mtu aliyekigusa ila pasta akija kutuombea. Hakuwa na nia mbaya, masikini. Alitaka kuniheshimu. Nilikunywa yote, nikamsifu, na roho iliniuma mpaka nikatoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe.

Joeli alisema kweli. Huku ni chumba cha kupanga, na kule ni kwa Chebet. Sina kwetu, Mama. Wacha niseme mara moja tu, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Lakini jicho la dada limepona, amenenepa, na akicheka unaweza kudhani ni wewe. Sijuti.

Basi pumzika, mama yangu. Nakuahidi hivi: nyumba ile sitaidai kamwe, hata nikifutwa kazi, hata nikizeeka bila mke kama unavyoogopa. Nikipata likizo nyingine nitapanda kuja. Mlango sitausukuma tena. Nitabisha hodi, na hata kama mvua inanyesha nitangoja nje mpaka dada yangu aseme karibu.

Ni mimi, mtoto wako wa mwisho,
Kiplangat