Yule Mwanamke wa Kwenye Gemu

Alhamisi, 12 Juni 2025

Likizo hii! Mama mkwe yupo, kaja toka Tandale kututembelea. Nimempa mwanangu Raudha simu acheze gemu lake la kupika keki, nami nikaange maandazi kwa amani. Alasiri kaenda uani kucheza kujipikilisha na Mauwa wa jirani. Mie jikoni nasikia: wewe uwe mume, mimi nina mimba, unifumanie na mjomba halafu unitupe nje. Miaka mitano!

Nageuka, mama mkwe yuko mlangoni. Kasikia yote. Chai hakunywa.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Nimembana Raudha: umeyatoa wapi? Kwenye simu. Nikakaa na gemu mwenyewe. Naam — kati ya keki na keki, tangazo. Mwanamke mjamzito, nguo nusu, mume anamfumania kitandani na mwanamume mwingine, anamtupa kwenye mvua. Wanakuuliza umsaidie au umwache. Kwenye gemu la watoto, jamani! Hasira zikanipanda, nikafuta gemu lote. Nikajiona mjanja.

Jioni mume wangu Suhaib kapiga toka Mtwara kazini. Hata salamu hakuitikia vizuri. Mama yake kamwambia mtoto haigizi asichokiona, na yeye ndiye hayupo nyumbani, maana yake nina mwanamume. Anakuja, tukae kikao. Nikasema ni tangazo. Nionyeshe, kasema.

Nionyeshe nini sasa? Nimeshafuta.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Nimelipakua tena. Limeanza moja! Asubuhi nzima napika vikeki vya kitoto, vidole vinauma. Matangazo yanakuja: sabuni, kubeti, sabuni tena. Mwanamke wangu hatokei. Jana nilimlaani, leo namwombea aje. Makubwa haya.

Mama mkwe kapita: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na lije basi, mama! Nilijibu kimoyomoyo.

Jumapili, 15 Juni 2025

Suhaib kafika. Hajaniangalia usoni, na hilo limeniuma kuliko maneno yote. Tukakaa mkekani, mie nacheza, wao wanatazama. Sabuni. Kubeti. Raudha kaeleza kila kitu, baba yake kasema nimemfundisha. Mtoto kachungulia simu, kacheka: mama, wewe bado uko mwanzo, yule mama yuko mbele kule kwenye keki ya harusi, nipe nikufikishe.

Mama mkwe kasema mpe acheze, tuone. Suhaib kaitikia kwa kichwa: mpe.

Nimesema nafuata chaja. Nimejifungia chumbani, naandika, simu nimeipakata. Chaji imejaa. Nikimpa, jina langu linasafika leo hii, mbele ya mama yake. Nikimpa, anamwona tena yule mwanamke, safari hii sisi watu wazima tumemkalisha aangalie. Ya Rabi!

Suhaib anauliza huko nje, chaja gani hiyo isiyopatikana. Raudha anagonga mlango. Anasema nilete tu, yeye anamjua, atampata sasa hivi —