Nimeisifia Nyumba Mbele ya Muuzaji

Fransis, uko wapi? Leo nimeaibika huku Chanika, na bado nacheka peke yangu!

Vaileth, mtoto wa dada yangu, na mumewe Elibariki walinichukua niwe mzee wao wa kupatana bei ya nyumba. Njiani wakanifundisha: "Mjomba, wewe iponde tu. Usionyeshe kama tumeipenda."

Nimefika barazani, upepo unapuliza, muuzaji kasimama pale pale, nikaropoka: "Jamani, nyumba nzuri hii! Mie hapa nisingehama!"

Mie! Na unavyonijua nilivyozurura nchi hii!

Elibariki kanikanyaga mguu. Vaileth kafumba macho. Nikajua basi, nimewakosesha nyumba.

Yule mama muuzaji, mjane, akanitazama weee. Akasema: "Wote waliokuja wameitukana nyumba niliyojenga na marehemu mume wangu. Nimewafukuza. Nyie nawapunguzia."

Kapunguza, Fransis! Nimesifia, halafu kapunguza!

Mjumbe wa mtaa akaitwa, wakaandikishana mbele ya majirani. Vaileth anarukaruka chumba hadi chumba kama mtoto.

Elibariki akanivuta pembeni: "Asante sana, mjomba. Ila kesho tukienda kununua kitanda, wewe utubakie nyumbani."