Pompe Ishirini kwa Kila Neno la Siasa

Muhumba, Bukavu
Jumapili, kisha misa ya kwanza

Yaya yangu Faida, dada yangu mukubwa,

Kwa heshima zote, na baada ya kupata ruhusa ya bibi yangu, ninakutangazia wewe na jamaa yote ya Kamituga, walio ku machimbo na walio sokoni, kwamba mimi mudogo wako, mwenye miaka hamsini na mbili na tumbo la kuheshimika, nimenyanyua kilo sitini. Nilikuwa nimelala chali. Zilipanda mara moja, zikashuka, na sikufa. Tangazo limekwisha, munaweza kukaa.

Sasa nikusalimie kama mutu na ndugu yake. Uko muzima? Goti linasema nini mvua ikikaribia? Na ile dawa ya tension ya damu, unaikunywa kila siku, ao unaikunywa tu ile siku unasikia sauti yangu kwenye simu? Sisi huku tuko. Bibi yangu Maman Solange anakusalimia kwa mikono yote miwili, binti yetu Solange anaendelea kufundisha watoto wa watu, na nyumba bado imesimama kwenye ule mutelemko wake. Nimekuandikia barua kwa sababu rezo ya simu yenu inakatika, na siku isipokatika wewe mwenyewe unanikata. Karatasi inanivumilia mpaka mwisho.

Utauliza mufanyakazi wa ofisi, mutu wa kupiga muhuri kwenye karatasi za watu, alifika vipi chini ya chuma. Ni daktari. Alinipima tension, akaangalia namba, akaniangalia mimi, akasema, "Papa, ufanye sport, ao uandike wosia." Nikaanza kutembea. Unajua milima ya huku: nilikuwa ninashuka vizuri sana, kupanda ndiko kulinishinda. Siku moja Mugisho akanikuta nimekaa juu ya jiwe, karibu na kona ya kwetu, nikijifanya ninangoja mutu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake akanipeleka jimu.

Mugisho unamujua. Ni yule fundi wa kuchomelea vyuma, wa kule Kasha. Ulipolala hospitali hapa Bukavu kisha operation, majuma matatu, ni yeye aliyekuletea bugali na sambaza kila siku, hata siku ambazo mimi, ndugu yako wa tumbo moja, nilikawia. Wewe mwenyewe ulisema huyo si rafiki yangu tena, ni mutoto wa mama yetu ambaye alizaliwa kwa watu wengine.

Jimu yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mutu, chini ya mabati. Chuma kikubwa ni ekseli ya lori, na uzito ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Mugisho ndiye aliyevichomelea vyote. Mwenye kuongoza ni mwanamuke, Koch Aline, aliyecheza mupira wa mikono zamani. Akikuangalia, hata kama umekaa vizuri, unakaa vizuri zaidi.

Kuna desturi moja pale ambayo lazima uifahamu. Mutu akilala kwenye benchi kusukuma chuma, mwenzake anasimama kichwani pake, mikono chini ya chuma, bila kukigusa. Mikono ya aliyelala ikishindwa, ile mingine inapokea. Miaka miwili mimi nimesimama kichwani pa Mugisho na yeye pangu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili ya asubuhi.

Basi siasa ikaingia. Tangu muji huu upate wakubwa wapya, kila mutu yuko na maoni yake, na wengi wetu tunayameza. Barabarani tunayameza, ofisini tunayameza. Lakini ukimwambia mutu apumue kwa nguvu na asukume, yote yanatoka. Wengine wakasema hiki, wengine kile, wawili wakaacha kusalimiana, mumoja akahamia jimu ya Kadutu. Koch Aline akaona chumba kitamwishia. Akaandika kwa chaki ukutani: neno moja la siasa, pompe ishirini, tumbo chini, kujisukuma kwa mikono, papo hapo.

Yaya, kisha mwezi mumoja wanasiasa wetu wakawa na mabega kuliko wanamichezo.

Mugisho ni mutu wa kusema tufanye kazi, tufungue milango, tungoje. Mimi ni mutu wa kusema hapana. Asubuhi moja alianza, mimi nikiwa ninafunga kamba za viatu.

"Papa Solange, barabara yenu iko safi ao haiko safi?"

"Iko safi."

"Sasa unalalamikia nini? Batu banatoka ku salongo, kazi ya wote, banafagia, muji unapumua."

"Hata ku matanga banafagia, Mugisho. Kama unaona fasi iko safi sana, uliza nani amekufa."

"Babili wenu, pompe vingt," Koch akasema, bila kugeuka.

"Koch, mimi nilikuwa ninasema juu ya fagio."

"Fagio yako iko na siasa. Shuka chini, Papa."

Tukashuka, bega kwa bega. Mugisho alipiga ishirini zake akiendelea kunieleza nchi inavyopaswa kwenda. Mimi nilipiga nane, kisha nikalala kwenye saruji kama mutu anayesikiliza moyo wa dunia. Koch alihesabu nane zangu kuwa ishirini. Anajua huruma, ila haionyeshi kwa uso.

Ndivyo tulivyoishi, na ninakuambia bila aibu kwamba nilikuwa ninafurahi. Kwenye muji ambamo mutu anaangalia nyuma kabla ya kusema bei ya nyanya, mimi nilikuwa na fasi moja ya kugombana na rafiki, na azabu yake ilikuwa pompe tu. Tension yangu ilishuka. Daktari alifikiri ni sport.

Sasa nije kwenye lile lililokufikia. Maman Solange ameniambia kwamba mwendesha moto mumoja, juu ya pikipiki yake, amefikisha kwenu habari kuwa mimi nimemupiga Mugisho juu ya siasa na kumuvunja mbavu. Yaya, umeiona mikono ya Mugisho. Mimi nimupige kwa kitu gani? Ilikuwa Jumatano, Mugisho amelala, mimi nimesimama kichwani pake, chuma kikateleza kwa jasho, kikamushukia kifuani. Mbavu hazikuvunjika, ziliumia. Daktari amemukataza chuma mwezi muzima. Yuko kwake, anakula, analalamika. Maman Solange amemupelekea supu ya kuku.

Unisalimie shemeji yangu, bwana yako, umwambie kichwa changu kimekuwa cheupe kuliko chake, atafurahi. Unisalimie Tonton Mateso, mukubwa wa jamaa, na meno yake yaliyobaki. Unisalimie mama mudogo Wabiwa wa kwaya, na wajukuu wako wote, hasa yule mudogo aliyekataa kuniita babu akisema babu hawana mashavu.

Mudogo wako anayekupenda,
Papa Solange

Yaya, jina langu nilikuwa nimekwisha kuliandika. Mama mumoja wa jirani atakayebeba barua hii anapanda lori kesho asubuhi, na bahasha iko hapa mbele yangu. Lakini nimesoma tena kile kipande cha jasho, na nikakuona ukikisoma, umeinua nyusi moja kama zamani, wakati nilipokuwa ninakuambia mbuzi ndiye aliyekula sukari. Kwa hiyo ninaendelea chini ya jina.

Hakukuwa na jasho. Jumatano hiyo tulianza tena, sauti ya chini ili Koch asisikie. Nilimwambia Mugisho kwamba mutu anayeingoja serikali yoyote kama anavyongoja bisi barabarani, hana msimamo. Alikuwa amekwisha kulala kwenye benchi. Akashika chuma, akakitoa, akasema akiwa anapumua:

"Weye iko unapiga kelele hapa, sababu hapa hakuna mwenye kukuandika jina. Ku bureau ulifanya nini? Wakubwa walibadilika, weye ukabadilisha muhuri. Na hata haukukawia, ulifika mbele ya wote."

Ni kweli, Yaya. Siku ile nilifika ofisini mbele ya wote. Waliniwekea muhuri mupya juu ya meza, nikaanza kupiga, kwa sababu kulikuwa na watu kwenye mustari wanaongoja karatasi za kuzaliwa za watoto wao, na kwa sababu niliogopa. Sikuwahi kumuambia mutu hii sababu ya pili, hata Maman Solange. Mugisho aliijua bila kuambiwa.

Alisukuma mara saba. Ya nane mikono yake ikaanza kutetemeka, chuma kikasimama katikati. Aliniangalia. Mikono yangu ilikuwa pale pale, chini ya chuma, mizima, haina kazi nyingine duniani. Nikaiacha bila kupokea. Sikusema moyoni kwamba nimuumize. Nilisema moyoni, na ajue kidogo. Chuma kikashuka. Nilipumua mara mbili kabla ya kukishika, na hata hapo sikutosha peke yangu, Koch Aline ndiye aliyeruka akakiondoa.

"Papa, ulikuwa wapi?" Koch akaniuliza.

"Jasho," nikasema.

Mugisho alikuwa anakohoa kwenye benchi.

Jana nimepanda moto mpaka Kasha. Nilimukuta ameketi mulangoni, kitambaa kimefungwa kifuani, anamufundisha bibi yake namna ya kuwasha moto wa makala, na bibi hamusikilizi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri. Yalinikimbia. Nikasema tu, "Mugisho, haikuwa jasho."

"Nilijua," akasema. "Mutu akilala pale, anaona uso ya mwenye kusimama. Uso yako haikuwa ya jasho."

Bibi yake aliacha makala, akatuangalia, akaingia ndani.

"Sasa kwa nini haukumuambia Koch?"

"Angekufukuza. Kisha nani atanibishia?" Akajishika kifua kwa sababu alitaka kucheka na mbavu zikamukataza. "Na ile ya muhuri, nilitaka ikuume. Hiyo pia ujue."

"Iliniuma sababu iko ya kweli."

"Ninajua. Njo maana niliichagua."

Tulikaa. Maoni yake juu ya muji hayakubadilika, yangu pia, tulijaribu kidogo kuona. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Kisha mwezi nitarudi. Ni weye njo utasimama ku kichwa yangu."

"Mimi tena?"

"Sasa nani? Weye sasa uko na haya. Mutu wa haya halegezi mikono." Kisha akaniuliza, polepole, kama mutu anayeuliza bei ya kitu alichokwisha kununua: "Ilikuwa pumzi ngapi?"

"Mbili," nikamujibu.

Alitikisa kichwa. "Mimi nilihesabu ine."

Basi ninakuandikia nne, Yaya. Yeye ndiye aliyekuwa chini.