Kanda Iliyokwenda Redioni

Duluth, Minnesota
9 Aprili 2001

Mdogo wangu mpenzi Verna,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi uliyoikimbia. Natumaini goti lako limeelewana na joto la Arizona, na kwamba daktari wako mpya si mwepesi wa kisu kama yule wa kwanza. Mimi sijambo, ila sikio la kushoto limeanza kuchoka. Kwa mtu aliyefundisha bendi ya shule miaka thelathini na minne, huenda hiyo ni rehema.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema Lyle ataoa tarehe kumi na sita Juni, na yuko radhi kumwalika binamu yake Curtis baada ya miaka minane ya kutosemezana, kwa sharti kwamba mwanangu aombe radhi kwanza kwa ile kanda. Unataka mimi nimshawishi, maana, kama ulivyoandika, neno "samahani" halijawahi kumvunja mtu jino. Nitakujibu, ila univumilie. Unanijua: mtu akiniuliza saa, humweleza kwanza jinsi saa inavyofanya kazi.

Tuanze na jambo ambalo sijapata kukuambia waziwazi. Godoro Bovu haikuwa bendi nzuri. Nilikuwa nao katika chumba cha chini ya nyumba yangu miaka miwili: Lyle wako akiimba na kupiga gitaa, Curtis kwenye ngoma, na Tessa Niemi, binti wa fundi viatu, kwenye gitaa la besi. Muziki wao waliuita roki mbadala. Niliuliza ni mbadala wa nini, na Lyle akanijibu, "Wa kila kitu, mjomba." Nikamwambia nyuzi za gitaa lake zimelegea. Akasema ndivyo zinavyotakiwa. Hapo nikaielewa kanuni yao nzima: kosa likirudiwa kwa makusudi huitwa msimamo.

Unakumbuka mavazi yake? Mtoto wa daktari wa meno, amevaa kama mkata miti. Shati jipya ulilomnunulia Krismasi alilisugua viwiko kwa msasa mpaka likatoboka. Tessa alimwambia mbele yangu, "Lyle, hata jasho lako umeliazima." Kati ya wote, yule binti ndiye aliyekuwa na akili.

Sasa fuatilia sehemu hii, maana kila kitu kinatoka hapa. Kwa watu wa muziki ule, dhambi kubwa haikuwa kupiga vibaya, ilikuwa kujiuza. Mtu akipendwa na wengi, basi kajiuza. Kwa hiyo watatu hao waliapa, na kiapo wakakiandika juu ya ngozi ya ngoma kubwa, kwamba hakuna atakayepeleka kanda yao redioni. "Redio ni ya wauza sabuni," Lyle alinifundisha, mimi niliyemfundisha kusoma noti. "Anayetaka kutusikia, aje." Waliokuja walikuwa kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa wanasubiri mvua iishe.

Kisha, majira ya baridi ya mwaka tisini, wimbo wao "Mama, Usinifulie" ukasikika katika redio ya wanafunzi kule Minneapolis. Usinikasirikie nikikumbusha kwamba alipouandika, nguo zake ulikuwa bado unamfulia wewe. Wiki ile ile watu walipiga simu kuuomba tena na tena. Godoro Bovu ikawa maarufu, na Lyle akaingia katika msiba.

Mabwana wa kampuni ya rekodi walipokuja kutoka New York, Lyle, ili kuonyesha kwamba haununuliki utu wake, aliwapa mgongo na kupiga sauti moja tu ya gitaa kwa dakika arobaini. Asubuhi yake wakaleta mkataba, wakisema hawajapata kuona ujasiri wa namna ile. Naye akautia sahihi. Alinieleza kwamba anaingia ndani ya kampuni ili aibomoe kutoka ndani. Kampuni ingali imesimama, Verna, na nasikia imeongeza ghorofa.

Umaarufu ulivyozidi, ndivyo walivyouchukia wimbo uliowaleta. Chicago waliupiga polepole kiasi kwamba ulichukua dakika ishirini. Watu wakalia machozi na kupiga makofi. Kwingine walikataa kuupiga kabisa, wakarushiwa chupa. Katika basi lao walibishana nani anauchukia zaidi. Na kila ugomvi ulirudi palepale: nani aliyepeleka kanda? Lyle alikuwa na nakala yake chini ya kitanda. Ya Tessa iliharibiwa na paka. Ya Curtis haikuonekana, na Curtis hakueleza ilikokwenda.

Milwaukee, mbele ya watu elfu mbili, Lyle alishika kipaza sauti akasema, "Yule pale nyuma ndiye aliyetuuza. Msaliti wetu, mshangilieni!" Curtis aliweka vijiti chini, akafungua matoazi yake moja moja bila haraka, akapanda basi la abiria mpaka nyumbani. Tessa aliondoka mwezi mmoja baadaye. Lyle aliendelea na wapiga ngoma wa kukodi mpaka kampuni ikamchoka. Leo anatunga muziki wa matangazo ya chakula cha mbwa, na ndiye anayedai kuombwa radhi na Curtis, fundi wa majiko ya kupashia nyumba joto, kwa kosa la kujiuza.

Haya, saa nimeshakueleza. Sasa nikuambie ni saa ngapi.

Kanda niliipeleka mimi.

Curtis aliiacha juu ya meza yangu ya jikoni bila kusema neno. Sisi watu wa huku tunajijua: anayejisifia tunamwona mgonjwa, na tukisifiwa tunatazama viatu. Niliisikiliza kidogo. Kulikuwa na mtangazaji aliyesifika kwa kuzipiga kanda mbovu na kuzikejeli hadharani mpaka wenyewe wakaacha muziki. Nikamtumia yeye hasa. Nilitaka vijana wachekwe mara moja, vizuri, warudi kwenye kazi za maana. Aliipiga ili aicheke, na wasikilizaji hawakumcheka mtu. Hakuna aliyeiuza Godoro Bovu. Iliinuliwa na dharau yangu, nami nikanyamaza miaka kumi na mmoja huku mwanangu akiitwa msaliti.

Jumamosi nilikwenda kwa Curtis kumwambia. Alikuwa chini ya jiko la jirani yake, hakuacha hata kukaza nati. Akasema, "Najua, baba. Nakala yangu nilikupa wewe." Nilimuuliza kwa nini basi hakujitetea. Akacheka. "Ningewaambia nini? Tumefika redioni kwa sababu baba yangu ndiye aliyepeleka kanda? Msaliti walimfukuza tu. Mtoto wa baba wangemcheka mpaka leo." Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Halafu mimi nilifurahi. Nilijua umeupenda."

Ningeweza kunyamaza hapo, Verna. Nilimweleza kwa nini niliituma.

Alitoka chini ya jiko, akajifuta mikono kwa muda mrefu. Aliniuliza kama niliisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia hapana. Akafunga kisanduku chake cha vifaa, akasema nikikuandikia nisisahau kumsalimia shangazi.

Kwa hiyo sitamshawishi Curtis aombe radhi. Msomee Lyle barua hii yote, pamoja na mahali nilipomkejeli, kwani sifuti hata neno moja: walipiga vibaya. Kisha amwandikie binamu yake mwenyewe, kwa mkono wake. Na ikiwa upande wetu kitabaki kiti kimoja tu harusini, kisiwe changu.

Wasalimie majirani zako wote, na bibi harusi mwambie namtakia uvumilivu. Goti lako usilipandishe ngazi.

Ni mimi kaka yako,
Orrin