Kabureta Iliyopimwa Uru

Uru, 3 Agosti 2024

Mwanangu Elinipendo,

Salamu nyingi. Hapa hatujambo. Goti la mama yako linasumbua kwenye baridi lakini maziwa bado anashusha sokoni mwenyewe. Habari za Dar na joto lake? Simu hupokei, basi nimeshika kalamu. Mwandiko uuvumilie, darasa nililoishia unalijua. Bahasha nampa kondakta wa basi.

Sasa sikia. Ile Corolla ya marehemu baba yako mkubwa Sifael, iliyokuwa inatagiwa na kuku kihambani, kwenye migomba, inatembea. Siyo kutembea, inaruka! Nimeifunga turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa. Tuliitoa kwenye pikapu iliyopinduka, rafiki yangu Nurdin wa Shirimatunda akachomelea mabomba, na injini nimeifunga mimi, kwa macho haya haya mnayosema hayaoni. Mwanzo ilitoa moshi mweusi kama tanuri la matofali. Nikatoa vijeti vya kabureta, vile vitundu vya kupitisha petroli, nikaweka vidogo. Ikatulia. Kutoka kanisani mpaka kwa Wenseslaus, kupanda mlima, gia ya tatu! Watu waliacha kupalilia kahawa wakasimama.

Tarehe 28 Desemba, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani, kuna mbio kule tambarare, kwenye uwanja wa zamani wa ndege za kunyunyizia mashamba dawa. Gari mbili mbili, mita mia nne, moja kwa moja. Vijana wa Arusha wanakuja na magari ya kompyuta. Tutawalisha vumbi. Mdogo wako Fredy ataendesha. Wewe njoo utazame. Na unitumie saa ya kupimia upepo wa turbo, huku hakuna nzuri.

Baba yako, fundi mkuu,
Eliufoo


Dar es Salaam, 19 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, kazi ipo. Mpe mama pole ya goti. Saa nimeifunga pamoja na barua hii.

Nimefurahi Corolla imeamka. Lakini baba, vijeti hivyo vitoe. Umevipima Uru. Huko juu hewa ni nyepesi, ndiyo maana petroli ilizidi ikatoa moshi. Mkishuka tambarare hewa ni nzito, na turbo itaisukuma zaidi. Petroli ya vijeti vidogo haitatosha, injini itaungua kwa ndani. Lipimeni gari huko huko chini, kwa Nurdin. Gereji ninayofanyia kazi wananiletea mimi kabureta zote, hili nalijua.

Desemba sitakuja. Krismasi ya mwaka juzi ulisimama mbele ya ukoo ukampa Fredy sanduku la spana, ukasema gereji haiachiwi mtu wa kuolewa. Miaka kumi na miwili nilifunga boliti ambazo mkono wako hauingii. Ukoo ukacheka. Na wewe ukacheka.

Mwanao,
Elinipendo


Uru, 7 Septemba 2024

Elinipendo,

Salamu. Sisi wazima. Saa imefika, nimeifunga, nzuri.

Yale mengine nimesoma mara mbili, ya tatu akanisomea mama yako. Mtoto niliyemfundisha kushika bisibisi leo ananifundisha hewa! Hewa ni hewa. Mimi nimeshusha malori ya kahawa kutoka mlimani miaka ishirini na sita, hakuna hata moja lililoniuliza hewa ya leo ni ya wapi. Gari nalipima kwangu, majirani wakiona. Nikilipeleka Shirimatunda watasema fundi ni Nurdin.

La sanduku, lililosemwa limesemwa.

Jaribio ni tarehe 5 Oktoba, uwanjani.

Baba yako, fundi mkuu,
Eliufoo


Dar es Salaam, 21 Septemba 2024

Baba, shikamoo. Poleni na baridi.

Malori yako yalikuwa ya dizeli. Hayana kabureta.

Sikuombi kitu kwa ajili yangu. Kabla Fredy hajakanyaga mafuta mpaka mwisho, mwache aende taratibu mara moja, kisha fungueni plagi mzitazame. Zikiwa za kahawia, nimekosea, na nitakuandikia hivyo kwa mkono wangu. Zikiwa nyeupe, injini inaungua, zima gari. Ni dakika kumi tu, baba.

Mwanao,
Elinipendo


Uru, 13 Oktoba 2024

Mwanangu,

Salamu. Mama yako hajambo. Fredy hajambo pia, mfupa wa bega tu umevunjika, amefungwa, anakula kwa mkono wa kushoto na kulalamika.

Kwenye jaribio tulipangwa na gari la Arusha, na letu lilikuwa mbele! Muulize Nurdin. Mpaka mita mia tatu tulikuwa mbele. Kisha likapasuka. Pistoni ya tatu imetoboka katikati, kidole kinapita. Oili ikarukia kioo, Fredy hakuona njia, akaingia mtaroni.

Petroli ya siku hizi inachanganywa. Ndivyo nilivyowaambia watu.

Baba yako,
Eliufoo


Uru, 24 Novemba 2024

Mwanangu Elinipendo,

Salamu. Wiki sita hujajibu. Una haki.

Petroli haikuwa na kosa. Nurdin alifungua plagi pale pale uwanjani, Fredy anapakiwa kwenye gari la hospitali. Akanipa mkononi. Nyeupe kama chokaa, zote nne. Nikazitia mfukoni watu wasizione, na mpaka leo zimo kwenye koti langu la kanisani. Zile dakika kumi sikuzitoa, kwa sababu vijana wa Arusha walikuwa wanatazama, nikaogopa kuitwa babu asiyejiamini.

Nurdin anayekuletea bahasha hii amebeba pia jani. Usicheke. Miaka yote watu wamenipitishia mimi isale, jani la kuombea msamaha, waliopigana, waliotukanana, nikawapelekea wale waliokosewa, na aliyeletewa isale hakatai kusamehe. Kwa ajili yangu mwenyewe sijawahi kulichuma. Jana asubuhi nimelichuma, pale mpakani mwa kihamba. Mama yako alikuwa mlangoni. Akaingia ndani akalia.

Isale hili si la pistoni. Ni la sanduku. Nilikukosea mbele ya ukoo, nitasema mbele ya ukoo. Fredy anasema sanduku tangu mwanzo hakulitaka.

Baba yako,
Eliufoo


Dar es Salaam, 30 Novemba 2024

Baba, shikamoo.

Nurdin alilishika hilo jani kama yai kutoka Moshi mpaka hapa. Nikamkaribisha chai, akasema, “Chai baadaye, dada, kwanza upokee, mimi nimetumwa.” Nimelipokea.

Lishusheni gari Shirimatunda. Nafika tarehe 14 na pistoni na vijeti vya saizi nne tofauti. Mpaka nifike, kabureta isiguswe. Fredy na Nurdin najua hawataigusa.

Mwanao,
Elinipendo


Uwanjani, 28 Desemba 2024

Mwanangu,

Hujambo humo ndani, kwenye usukani? Naandika kwenye boksi la gasketi kwa sababu injini inalia na umeshavaa helmeti. Nurdin atakupitishia dirishani. Jana nilikuomba radhi mbele ya ukoo kwa sauti, leo nasema kwa kalamu.

Plagi nimezitazama mwenyewe. Dakika kumi kamili, vijana wa Arusha wakipiga honi. Kahawia, zote nne.

Sanduku lako nimelikalia hapa, hakuna atakayeligusa. Wale waliokucheka wote wamesimama kule mita mia nne, mama yako katikati yao, na goti lake hilo hilo.

Kanyaga mpaka mwisho.

Baba yako, fundi wa pili,
Eliufoo